Tuwasikilize Wazee Wetu Kwanza, Ndipo Tuwasaidie



Katika vijiji vyetu yuko mtu mmoja anayetajwa sana na kuulizwa kidogo. Akitajwa, husifiwa: twasema yeye ni shina la ukoo, mlinzi wa desturi, baraka ya nyumba. Lakini siku ya kukata shauri juu ya mambo yake mwenyewe, yaani chakula chake, dawa yake, mahali pake pa kulala, hatuendi kumwuliza. Twakata shauri wenyewe, kisha twampelekea habari. Mtu huyo ni mzee.

Tusidhani kwamba twafanya hivyo kwa ubaya. Katika parokia nyingi, mara moja au mbili kwa mwaka, waamini hukusanya sabuni, chumvi, unga na nguo, wakawapelekea wazee. Ni tendo jema, na Mungu hatalisahau. Hata hivyo yafaa tujiulize: nani kati yetu, kabla ya kununua sabuni ile, aliketi na mzee akamwuliza anahitaji nini? Labda nguo anazo, lakini paa la nyumba yake lavuja juu ya kitanda. Labda unga anao, lakini hana mtu wa kumtekea maji wala wa kumwashia moto. Wahenga walisema: Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Vivyo hivyo adhabu ya uzee aijuaye ni mzee, na sisi wenye nguvu twaikisia tu.

Neno letu la leo ni hili moja: msaada kwa wazee uanzie katika kuwasikiliza. Asiyesikiliza huweza kutoa mengi na kusaidia machache. Tena, kama tutakavyoona, mahali ambapo neno la mzee halisikiwi, hata uhai wake hauko salama.

HALI YA WAZEE WA NYANTENDE

Nyantende iko kusini ya mji wa Bukavu, katika nchi ya Bushi, njiani kwenda Nyangezi, pale ambapo Mapadri Weupe walianzisha misioni yao mwaka 1906. Ni nchi ya vilima na mabonde, migomba, maharagwe na mihogo. Nyantende ina hospitali kubwa, nayo zone ya afya ya sehemu zile imepewa jina lake. Mtu akitazama kwa mbali, atasema wazee wa huko wana bahati: mji uko karibu, hospitali ipo, Kanisa lipo.

Lakini tutazame kwa karibu. Zamani mzee wa Bushi alizeeka katikati ya watu wake. Wanawe walijenga kando yake. Wake zao walimpikia. Wajukuu walimletea kuni na maji. Leo vijana wengi wamekwenda kutafuta kazi Bukavu, au kuchimba dhahabu Mukungwe na Kamituga, na wengine wamekwenda mbali zaidi. Nyumbani wamebaki mzee, mkewe kama angali hai, na mara nyingi wajukuu wadogo ambao wazazi wao wamewaacha au wamekufa. Yule aliyetazamiwa kutunzwa amekuwa mtunzaji.

Tena shamba lenyewe limebadilika. Tangu miaka ya 2000 ugonjwa wa mnyauko wa migomba umeenea katika Kivu. Jani hugeuka manjano, ndizi huiva kabla ya wakati na kuoza ndani, na dawa yake hakuna, isipokuwa kukata na kung'oa. Kijana akipoteza migomba yake hupanda kitu kingine. Mzee asiyeweza tena kuinua jembe hupoteza ndizi zake, pombe yake ya kasiksi ya kuuza, na kivuli cha ua wake, vyote kwa pamoja.

Juu ya hayo zilikuja vita. Wazee wa leo waliona ile ya mwaka 1996, wakaona ile ya mwaka 1998, na mwezi wa Februari 2025 wakaona Bukavu ikiingiwa na wapiganaji wa M23, na mabenki ya mji yakifunga milango. Kila mara watu walipokimbia, aliyekimbia polepole kuliko wote alikuwa mzee. Na mara nyingi hakukimbia kabisa, akabaki kulinda nyumba.

Serikali nayo je? Katiba ya nchi, iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, yasema katika kifungu cha 49 kwamba watu wenye umri mkubwa wana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Ndilo neno zuri. Lakini pensheni, kwa sheria ya tarehe 15 Julai 2016, huwatazama hasa wafanyakazi wa mshahara ambao waajiri wao walilipa michango. Mwanamke wa Nyantende aliyelima kilima miaka 50 hakuwa na mwajiri, wala hana cheti cha kuonyesha. Alilisha watu wengi, na hakuna ofisi iliyoandika jina lake.

MITUME NA WAJANE WA YERUSALEMU

Kanisa halikuanza leo kuwaza juu ya mambo haya. Tusome kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya sita. Waamini wa Yerusalemu walikuwa na desturi njema ya kuwagawia wajane chakula kila siku. Kumbe, ndani ya ugawaji ule mlikuwa na kasoro: wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wanasahauliwa, na watu wao wakaanza kunung'unika.

Tuangalie Mitume walivyofanya. Hawakuwaita wanung'unikaji watu wasio na shukrani. Hawakusema kwamba anayepewa bure hana haki ya kulalamika. Waliita mkutano, wakayapokea yale malalamiko, wakaagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema waishike kazi hiyo. Na majina ya wale saba, kuanzia Stefano na Filipo mpaka Nikolao, yote ni ya Kiyunani. Ndipo wafafanuzi wengi wa Maandiko wanapoona kwamba kazi ilitiwa mikononi mwa watu walioijua lugha na hali ya wale waliosahauliwa. Huduma ile kubwa ilitengenezwa kwa sababu viongozi walikubali kusikia manung'uniko.

Bwana wetu Yesu Kristu mwenyewe, katika Injili ya Marko, sura ya saba, aliwakemea vikali watu waliowanyima baba na mama zao msaada kwa kisingizio kwamba mali yao wameiweka wakfu kwa Mungu. Mtu asidhani basi kwamba sadaka anayoitoa kanisani itamfichia Mungu macho, asimwone mama yake mzee anayelala na njaa.

WAKIULIZWA, WAZEE HUSEMA NINI?

Tuchukue kwanza habari ya matibabu. Tukiwaza peke yetu, twasema: wazee wanahitaji dawa, na dawa ziko hospitalini, basi waende. Lakini hospitali iko mahali pamoja, na wazee wako juu ya vilima. Kuteremka katika matope ya mwezi wa Novemba ni safari. Kupanda tena jioni, magoti yakiuma, ni safari ya pili iliyo kubwa zaidi. Ukimwuliza mzee kwa nini hakuja kutibiwa, huenda hataanza na habari ya dawa. Ataanza na habari ya njia, ya mtu wa kumsindikiza, na ya hofu ya kuambiwa: "Rudi kesho."

Tutazame ugonjwa mmoja, shinikizo la damu, ambao huwapata wazee wengi. Ugonjwa huo kwa kawaida hauna maumivu. Mtu hutembea nao miaka mingi asijue, mpaka siku ile unapompiga kiharusi, mkono na mguu vikalegea, ulimi ukawa mzito. Dawa zake hunywewa kila siku, hata mtu akijisikia mzima. Sasa mzee akisema kwamba ameziacha, mwuguzi mwenye haraka atamkaripia kwa ukaidi. Mwuguzi mwenye kusikiliza atamwuliza sababu. Labda mzee alidhani kwamba vidonge vya mwezi wa kwanza vilikwisha kumponya. Labda anagawana vidonge vyake na mkewe, ambaye naye ni mgonjwa. Labda anaona haya kumwomba mwanawe fedha kila mwezi. Sababu hizo tatu zina dawa tatu mbalimbali, na hakuna hata moja inayoponywa kwa karipio.

Vivyo hivyo mzee asiyejibu akiitwa huweza kuwa ameziba masikio, si kwamba ana kiburi. Mzee anayekataa kutoka nje huweza kuwa na mtoto wa jicho, ugonjwa ambao daktari wa macho aweza kuuondoa kwa upasuaji, na mtu akaona tena. Mambo hayo hayajulikani kwa kumtazama mzee kutoka barabarani. Yajulikana kwa kuketi naye.

Kuna na jambo la mutuele za afya. Jimbo Kuu la Bukavu, kwa njia ya ofisi yake ya kazi za afya iitwayo BDOM, limefanya kazi miaka mingi kuwashauri waamini wajiunge katika mutuele, ili mchango mdogo wa kila mmoja umsaidie yule anayepatwa na ugonjwa. Ni mpango wa busara. Lakini mzee anayeishi peke yake huweza kuachwa nje kwa urahisi: mwana mkubwa adhani mdogo amemlipia, na mdogo adhani mkubwa amemlipia. Siku ya ugonjwa wote wawili watashangaa kwamba jina la baba yao halimo. Swali moja, likiulizwa nyumbani mwa mzee kabla ya mwisho wa mwaka, lingeizuia aibu hiyo.

CHUMVI, SABUNI NA VIATU VYA SHULE

Tuje kwenye habari ya fedha. Wako wanaosema: "Ukimpa mzee fedha, atazinywea pombe." Watu wa nchi moja isiyo mbali nasi wameyasikia maneno hayo, wakaamua kuwauliza wazee wenyewe. Tuvuke Rwanda, tufike Kagera katika Tanzania, magharibi ya Ziwa Viktoria, nchi ya migomba kama Bushi. Huko ugonjwa wa ukimwi ulijulikana mapema, katika miaka ya 1980. Uliwaua wazazi wengi vijana, na watoto wao wakabaki mikononi mwa bibi zao. Mwaka 2003 ikaanzishwa huko Nshamba, katika wilaya ya Muleba, kazi iitwayo Kwa Wazee. Iliwapa wazee, hasa wanawake wanaolea yatima, pensheni ndogo ya kila mwezi, bila kuwapangia namna ya kuitumia.

Baada ya miaka michache wachunguzi waliwaendea wazee na wajukuu wao, wakawauliza yale waliyoyapata. Uchunguzi huo ulitolewa mwaka 2008, na kichwa chake chataja mambo matatu tu: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Hayo ndiyo waliyoyanunua wale bibi. Chumvi, kusudi chakula kiwe na ladha. Sabuni, kusudi mtoto asidharauliwe na wenzake. Viatu, kusudi aende shule. Mwenye kudhani kwamba mzee hujifikiria mwenyewe tu, na ajifunze hapo. Ukimpa mama mzee shilingi moja, nusu yake imekwisha kufika kwa mjukuu.

Serikali kadhaa za Afrika ya Mashariki zimefuata njia hiyo. Zanzibar ilianza mwezi wa Aprili 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, hata kama hakuwahi kuajiriwa. Kenya ilianza mwaka 2018 kuwapa wazee wa umri huo shilingi zake 2,000 kwa mwezi, katika mpango wa Inua Jamii. Uganda ilianzisha mpango wake mwaka 2010, shilingi za huko 25,000 kwa mwezi.

Lakini habari ya Uganda ina fundisho la pili. Huko kupata fedha kulifungamanishwa na kitambulisho cha taifa. Wazee wengi hawakujua siku yao ya kuzaliwa. Makarani wakaandika miaka ya kukisia, na mwenye miaka 80 akaonekana kijana katika karatasi. Wengine alama za vidole zilikuwa zimefutika kwa kazi ya jembe na kwa uzee, na mashine haikuwatambua. Mwaka 2021 watetezi wa haki za binadamu walitoa taarifa ndefu juu ya wazee walionyimwa msaada kwa sababu hizo. Mashine iliaminiwa, mzee hakuaminiwa.

Hapa parokia zetu zina hazina ambayo pengine hatuithamini. Katika ofisi ya parokia vimo vitabu vya ubatizo, na ndani yake majina ya watoto na wakatekumeni wa miaka mingi iliyopita, pamoja na tarehe na majina ya wazazi. Mzee asiye na karatasi nyingine duniani huweza kuwa ameandikwa humo. Kumtafutia mstari ule, na kumpa hati yake iliyopigwa muhuri, ni kazi ya nusu siku, na faida yake yaweza kuwa kubwa siku serikali itakapowauliza wazee umri wao.

NENO ZITO: WAZEE WANAOITWA WALOZI

Sasa tuseme neno ambalo watu hawapendi kulisema hadharani. Mwezi wa Septemba 2021 habari ya kuhuzunisha ilitoka katika Kivu ya Kusini: katika territware za Kabare, Kalehe na Walungu wanawake wanane waliuawa na makundi ya watu, wengine kwa moto, kwa sababu walisingiziwa ulozi. Baadhi yao walikuwa wametajwa na wale wanaoitwa bajakazi, yaani watu wanaodai kwamba Mungu amewaonyesha ni nani mlozi. Mambo hayo hayakutokea katika nchi ya mbali. Yalitokea katika vilima vyetu, kati ya watu waliobatizwa.

Je, mlozi hutambulikanaje, kwa maneno ya watu hao? Ni mwanamke mzee, mara nyingi mjane. Ana macho mekundu. Lakini nani asingekuwa na macho mekundu, akiwa amepika miaka 60 katika jiko la kuni lisilo na dirisha? Husema peke yake, hutoka usiku, huwaita watu waliokwisha kufa, husahau njia ya nyumbani. Waganga wajua ugonjwa huo vema: ni ugonjwa wa ubongo unaowapata baadhi ya wazee, na kuwaondolea kumbukumbu kidogo kidogo. Mgonjwa wa namna hiyo ahitaji mtu wa kumshika mkono na kumrudisha ndani. Na yule jirani aliyeanguka ghafula, upande mmoja ukafa, hakurogwa na mtu. Alikuwa na shinikizo la damu ambalo hakuna aliyelipima.

Tuangalie sana jambo hili. Yule mama hakuanza kuwa katika hatari siku aliyotajwa. Alianza siku watu walipoacha kumtembelea. Mzee ambaye wajukuu huingia kwake, ambaye jirani amjua anaumwa nini, ambaye shirika lasali nyumbani mwake, si rahisi kusingiziwa, na akisingiziwa, wako wa kusema: "Tunamfahamu. Ni mgonjwa. Jana tulikuwa naye." Lakini yule aliyeachwa peke yake hana shahidi. Kwa hiyo kumsikiliza mzee si adabu tu. Kwaweza kuwa ukuta kati yake na watu wenye mawe.

Basi twasema wazi: Mkristu anayewaendea wapiga ramli au bajakazi ili kumjua aliyemwua mtoto wake amevunja amri ya kwanza, na anayenyosha mkono juu ya mzee, au kusimama na kutazama, amevunja amri ya tano. Mataifa ya Afrika nayo yameliona jambo hilo. Katika mkataba wao juu ya haki za wazee, uliokubaliwa Addis Ababa mwezi wa Januari 2016, wameagiza wazee walindwe na masingizio ya uchawi.

NAMNA YA KUSIKILIZA

Mtu atasema: "Sisi twawasikiliza wazee kila siku." Tusijidanganye. Kusikia salamu si kusikiliza. Miaka ya 2006 na 2007 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitaka kujua mji wa namna gani wafaa kwa wazee. Halikuwaita wenye elimu peke yao. Liliagiza wazee wakusanywe katika vikundi vidogo, katika miji 33 ya nchi 22, wapata 1,500 kwa jumla, wakaulizwa maisha yao. Nao hawakusema habari za hospitali tu. Walisema habari za njia, za vyombo vya safari, za nyumba, za kazi, za kupata habari, na za heshima. Kumbe heshima nayo iliandikwa katika orodha moja na njia na nyumba.

Jambo kama hilo shirika lolote la Nyantende laweza kulifanya, bila fedha za kutoka nje. Twatoa mashauri machache.

Kwanza, tuwaendee nyumbani. Mkutano ukiitishwa kanisani, watakuja wazee wenye nguvu ya kutembea, na wale wenye shida kuliko wote hawataonekana.

Pili, tuseme nao kwa Kimashi, lugha ya nyumba zao. Kiswahili na Kifaransa vina kazi yake, lakini maumivu husemwa vizuri zaidi kwa lugha ya mama.

Tatu, tuwasikilize wanawake peke yao pia. Mjane hatasema habari ya shamba alilonyang'anywa na shemeji yake, ikiwa shemeji huyo ameketi mlangoni. Wala mzee hatasema kwamba hapewi chakula, ikiwa mkwewe ndiye anayemkaribisha mgeni.

Nne, tuulize maswali madogo yenye jibu. Jana ulikula nini? Nani alikutekea maji? Usiku ukiugua, utamwita nani? Dawa zako ziko wapi, nizione? Maswali hayo yafaa kuliko kumwuliza mzee, "Hujambo?", maana kwa adabu atajibu, "Sijambo," hata akiwa anakufa.

Tano, tuandike, na turudi. Mzee aliyeulizwa mara moja na asimwone tena aliyemwuliza, hataamini wa pili. Hata kama jibu ni "Hatukuweza", twende tukamwambie hivyo.

Sita, wazee wenyewe wawemo katika baraza la kukata shauri. Caritas ya parokia ikigawa kitu, mzee mmoja na mama mzee mmoja wawepo wakati wa kupanga, kabla ya kufungua magunia.

Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba habari hii ni ya wakubwa tu. Mwanafunzi ajuaye kusoma aweza kumsomea mzee maandiko yaliyo juu ya kifuko cha dawa, asubuhi kidonge kimoja, jioni kimoja. Aweza kumwandikia barua au kumpigia simu mwanawe aliye mbali. Aweza kumwuliza habari za kale, mipaka ya mashamba, majina ya mababu, na kuziandika katika daftari. Mzee akiona maneno yake yanaandikwa, hujua kwamba bado ni mtu.

"LAKINI SISI NI MASKINI"

Najua kuna watakaosema moyoni: "Tukiwauliza, wataomba vitu ambavyo hatuna. Yafaa tusiulize." Hofu hiyo twaielewa, lakini haina nguvu. Mengi wanayoyaomba wazee ni mambo ya jirani: kutekewa mtungi mmoja wa maji kila siku, kuzibiwa paa kabla ya mvua, kusindikizwa hospitalini siku ya soko wakati njia ina watu, kuletewa Komunyo Takatifu wasipoweza kutembea, kutembelewa Jumapili. Shirika lenye nyumba 20 laweza kugawana kazi hizo, kila nyumba siku yake, pasipo mtu kulemewa.

Na yale makubwa yatakayobaki, kama bei ya dawa, pensheni na usalama, tusiyafiche. Tuyapeleke kwa padri, kwa wakubwa wa hospitali, kwa wenye mamlaka. Tukienda na maneno ya wazee wenyewe, yaliyoandikwa kilima kwa kilima, nyumba kwa nyumba, tutasema kwa nguvu kuliko kusema tu kwamba "wazee wanateseka".

Mwaka 2021 Papa Fransisko aliweka siku ya Mababu, Mabibi na Wazee, nayo huadhimishwa kila mwaka Jumapili ya nne ya mwezi wa Julai, karibu na sikukuu ya watakatifu Yoakimu na Anna, wazazi wa Bikira Maria. Parokia nyingi huiadhimisha kwa Misa na zawadi. Ni vizuri. Lakini Jumapili hiyo yaweza kuwa na faida zaidi, kama juma zima lililotangulia watu wa kila shirika wamepanda vilima na kuketi na wazee wao, ili zawadi zinazoletwa siku ya Misa ziwe ni majibu ya maneno yaliyosikiwa.

Nabii Anna alikuwa mjane mwenye miaka 84, na Simeoni aliishi akimngoja Masiya, walipomwona Mtoto Yesu hekaluni. Watu wengi walipita mahali pale siku ile, na hawa wazee wawili ndio waliomtambua. Yusufu na Maria walisimama, wakawasikiliza, wakastaajabu kwa yale waliyoambiwa. Familia Takatifu haikuona kwamba ni kupoteza wakati kusimama mbele ya wazee. Familia zetu za Bushi na ziifuate. Juma hili, kabla ya Jumapili ijayo, kila nyumba na ichague mzee mmoja, iende kwake, iketi, na imwache yeye aanze kusema.